Uzio wa chuma kwenye baridi ya Minnesota: jinsi ya kuusimamisha na kuutunza

Theluji ikianza kuyeyuka mwezi wa nne, maswali huja yale yale. "Nguzo zilikuwa zimenyooka Oktoba, mbona sasa moja imepanda juu?" "Geti linagoma Februari, ikifika Mei linafunga vizuri." "Nimepaka rangi mwaka jana tu, tayari kutu." Wengi wanaouliza wamezoea ujenzi wa Dar, Nairobi au Bujumbura, ambako ukichimba futi mbili, ukasimamisha skwea paipu na kumwaga zege, kazi imeisha. Sasa wamenunua nyumba Brooklyn Park au St. Paul, wana watoto na bustani, na wanataka kuweka uzio kwa mikono yao wenyewe.

Inawezekana kabisa. Ila hapa kinachoharibu uzio ni maji yanayoganda: kwenye udongo wa chini ya nguzo, ndani ya bomba, na kwenye ufa mdogo wa rangi. Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na nguvu hiyo inapasua bomba la chuma na kuinua zege. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu kuyapa maji njia ya kutoka, au kushuka chini zaidi ya pale yanapoganda.

Jua kwanza unanunua chuma gani

Chuma cha kufua cha asili, kile cha uzio wa nyumba za zamani, hakitengenezwi tena viwandani kwa biashara. Kinachouzwa leo kwa jina hilo ni chuma laini cha kawaida, mara nyingi mabomba matupu ya mraba, au aluminiamu iliyopakwa rangi nyeusi. Nenda dukani na sumaku: isiponasa, hiyo ni aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu na ni nyepesi, lakini hupinda upesi ikiegemewa na rundo la theluji. Mimi kwa upande wa barabarani napendelea chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto kisha kikapakwa rangi ya unga. Kinagharimu zaidi siku ya kununua, lakini rangi ikikwaruzwa bado kuna zinki chini yake inayokinga.

Ukinunua paneli za mabomba matupu, geuza moja uangalie chini. Lazima kuwe na vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Kama havipo, utavitoboa mwenyewe kabla ya kufunga.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Paneli (nyingi zina urefu wa futi 6 au 8), nguzo, kofia za nguzo, breketi zenye matundu marefu, bolti za chuma cha pua au zilizochovywa zinki. Mifuko ya zege kavu ya kilo 36, na uchague ile iliyoandikwa kuwa ina viputo vya hewa kwa ajili ya baridi. Kokoto. Mabomba ya karatasi ngumu ya kumwagia zege, kipenyo inchi 10, na inchi 12 kwa nguzo za geti. Pimamaji, uzi wa ujenzi, vigingi, futi ya kupimia, mtaimbo, koleo la mashimo, toroli. Mashine ya kuchimbia mashimo unaweza kukodi kwa siku moja. Chukua ya watu wawili na uwe na mwenzako kweli, maana ikinasa kwenye jiwe inaweza kumteguza mtu mkono. Kisha brashi ya waya, msasa, rangi ya kwanza yenye zinki nyingi, rangi ya juu ya chuma, na silikoni ya nje. Miwani na glavu usiviache.

Uliza urefu wa nguzo kabla ya kulipa. Nguzo nyingi za dukani zimekatwa kwa ajili ya kuzikwa futi mbili au mbili na nusu tu. Agiza ndefu, au hakikisha zege lenyewe linafika chini hata kama nguzo inaishia katikati yake.

Muda wa kazi ni Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ukichelewa hadi Novemba, acha hadi mwaka ujao.

Hatua kwa hatua

1. Pata ruhusa na mpaka wako. Uliza ofisi ya mji kama unahitaji kibali na urefu gani unaruhusiwa. Mbele ya nyumba kwa kawaida huruhusiwa mfupi kuliko nyuma. Tafuta vipande vya chuma vilivyopigwa ardhini kwenye pembe za kiwanja, au mlipe mpimaji. Usikadirie kwa jicho kwa kufuata nyasi za jirani. Zungumza na jirani huyo mapema, naye anahusika.

2. Piga 811, namba ya simu ya kuomba mabomba na nyaya zilizozikwa ziwekewe alama. Ni bure, na ni sheria. Minnesota unatakiwa kupiga angalau saa 48 kabla ya kuchimba, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu. Watakuja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka, na rangi ya chungwa ni simu na intaneti. Ndani ya inchi 24 kila upande wa alama, weka mashine pembeni na uchimbe kwa mkono, taratibu. Elewa pia kwamba hawapaki alama kwenye mabomba na nyaya zako binafsi, mfano bomba la gesi linalotoka kwenye mita kwenda kwenye jiko la nje, au waya wa umeme wa gereji. Hizo ni juu yako kuzitafuta.

3. Vuta uzi na upange nguzo. Piga vigingi kwenye pembe, vuta uzi, kisha weka alama ya kila nguzo kwa kupima paneli yenyewe pamoja na breketi zake. Usitegemee namba ya kwenye karatasi ya duka. Kama uzio unapita kando ya barabara au kichochoro, rudi ndani kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Gari la kukwangua theluji linasukuma theluji nzito yenye chumvi na changarawe, na itaangukia hapo msimu mzima.

4. Chimba chini ya kina ambacho udongo unaganda. Hapa ndipo watu wanapobana muda na pesa, na hapa ndipo uzio unapoharibikia. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinaweka kina hicho kuwa inchi 42 upande wa kusini, Minneapolis na St. Paul zikiwemo, na inchi 60 upande wa kaskazini, kama Duluth. Chicago nayo ni inchi 42. Toronto wanahesabu mita 1.2. Mashimo ya uzio mara nyingi hakuna mkaguzi anayeyapima, kwa hiyo ni rahisi kujiambia kwamba futi tatu zinatosha. Hazitoshi.

   Udongo huganda kuanzia juu kwenda chini, na unavyoganda hufyonza maji ya chini na kujenga matabaka ya barafu. Matabaka hayo hunenepa na kusukuma kila kilicho juu yake. Vilevile udongo ulioganda hung'ang'ania ubavu wa zege na kupanda nalo. Udongo wa mfinyanzi na ule laini kama vumbi ndio mbaya zaidi, kwa kuwa unahifadhi maji. Wa mchanga una nafuu.

   Kwa Minneapolis, chimba inchi 48. Upana uwe inchi 10 kwa nguzo za kawaida na inchi 12 kwa nguzo za geti. Ukifika chini, panua kitako cha shimo kwa koleo la mkono kiwe kipana kuliko juu. Kitako hicho kinashikwa na udongo usioganda, na ndicho kinachozuia nguzo kuvutwa juu.

5. Mwaga kokoto inchi 6 chini ya shimo na uzishindilie kwa ncha ya mti. Ukiona maji yanajaa shimo, yatoe kwanza. Zege likimwagwa kwenye dimbwi halitakuwa na nguvu.

6. Weka bomba la karatasi ngumu. Lining'inize inchi chache juu ya kitako ili zege litambae kwenye upana wa chini, na juu litokeze inchi mbili hivi. Kazi yake ni kufanya ubavu wa zege uwe laini ili barafu isipate pa kushika. Kosa la kawaida ni kumwaga zege moja kwa moja kwenye shimo ambalo mdomo wake umemomonyoka ukawa mpana kuliko chini. Zege linatoka na umbo la uyoga, na barafu inakaa chini ya kile kichwa na kukiinua. Ukiona nguzo imepanda inchi mbili msimu wa kwanza tu, chimbua. Mara nyingi utakuta kichwa hicho.

7. Simamisha nguzo na umwage zege. Shimo la inchi 10 lenye kitako linakula karibu mifuko 4 ya kilo 36. La geti mifuko 5 au 6. Kwa nguzo 12 hiyo ni zaidi ya mifuko 48, kwa hiyo panga usafiri, na uangalie kama si nafuu kuagiza zege lililochanganywa tayari. Changanya liwe zito, lisiwe uji. Chokoachoko kwa fimbo utoe mifuko ya hewa, hasa kwenye kitako. Pima nguzo kwa pimamaji pande mbili zinazopakana, kisha uifunge kwa mbao mbili za mshazari. Rudi kuipima tena baada ya dakika kumi, kwani zege bichi huisogeza.

   Juu ya zege fanya mteremko kama paa, maji yatiririke mbali na nguzo. Usiache kisahani. Kisahani kidogo cha maji kikiganda na kuyeyuka mara kwa mara kuanzia Novemba hadi Machi, kinakula nguzo pale pale inapoingia kwenye zege, na hapo ndipo nguzo nyingi hukatika.

   Angalia hali ya hewa. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi zege hukomaa polepole sana, na likiganda kabla halijashika linakuwa unga. Usimwage kwenye udongo ulioganda. Usiku ukitabiriwa baridi, funika kwa blanketi za ujenzi au nyasi kavu na turubai.

8. Subiri. Siku tatu angalau kabla ya kutundika paneli, wiki nzima kwa geti.

9. Shughulikia vitundu na ncha zilizokatwa. Toboa kitundu cha robo inchi upande wa chini wa kila reli tupu, karibu na kila mwisho, na kingine kwenye nguzo juu kidogo ya zege. Kila ulipotoboa au kukata, chuma kiko uchi: safisha, paka rangi ya zinki ndani na pembeni mwa tundu, kisha rangi ya juu. Dakika tano kwa paneli. Watu huruka hatua hii kwa sababu haionekani, na ndiyo maana mabomba mengi hupasuka kwa chini, ufa mrefu ulionyooka kama uliopasuliwa kwa kisu.

10. Funga paneli kwa breketi na bolti. Usichomelee mstari mzima. Najua mafundi wa kwetu wanapenda kuchomelea, na kwetu ni sawa. Hapa chuma kinapita kwenye tofauti ya nyuzi 60 kati ya kilele cha Julai na usiku mkali wa Januari. Paneli ya mita 2.4 hubadilika urefu kwa karibu milimita 1.7. Ni kidogo, ila ukiunganisha paneli kumi bila nafasi, ni karibu sentimita mbili zinazovuta nguzo na viungo kila mwaka. Tumia breketi zenye matundu marefu, weka bolti katikati ya tundu, kaza kiasi cha kushika. Faida nyingine: paneli moja ikigongwa, unaifungua na kuibadilisha. Na kama chuma chako kimechovywa zinki, kukichomelea bila kuondoa zinki kwanza kunatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka.

    Nafasi kati ya fito isizidi inchi 4, ili mtoto asipenyeze kichwa. Reli ya chini iwe inchi 2 hadi 3 juu ya ardhi. Ikigusa udongo au matandazo ya bustani itakuwa na unyevu wakati wote.

11. Tundika geti. Liache juu zaidi ya uzio, inchi 3 au 4 kutoka ardhini, lifunguke ndani, na utumie bawaba zinazorekebishika kwa nati. Komeo liwe na nafasi ya kupanda na kushuka nusu inchi. Geti lililobanwa sawasawa mwezi wa Julai ndilo linalogoma Februari.

12. Weka kofia na silikoni. Kofia kwenye kila nguzo, bila kubakiza hata moja. Pale nguzo inapotoka kwenye zege, zungushia mstari wa silikoni ya nje, zege likiwa limekauka kabisa.

Utunzaji wa kila mwaka

Kazi kubwa ni Aprili. Udongo ukishalainika, osha uzio wote kwa maji mengi, hasa futi mbili za chini upande wa barabara. Chumvi ya barabarani imekaa hapo miezi mitano, na hukwama chini ya breketi na kwenye maungio ya fito. Sabuni ya vyombo na brashi laini vinatosha. Mashine ya maji ya nguvu inang'oa rangi iliyolegea na kuingiza maji ndani ya bomba. Kisha tembea polepole ukiangalia: nguzo iliyoinama, silikoni iliyoachia, doa la kahawia linalotiririka kutoka kwenye kiungo. Doa hilo likionekana, ujue kutu iko ndani zaidi ya unavyoiona.

Kukarabati rangi subiri Juni. Kwangua hadi chuma king'ae, lainisha kingo za rangi ya zamani kwa msasa ili brashi isikute ngazi, futa kwa tina, na upake rangi ya kwanza siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kilichosafishwa huanza kushika kutu kwa umande wa usiku mmoja. Tabaka mbili za juu, ukiacha muda ulioandikwa kwenye kopo. Joto liwe juu ya nyuzi 10. Asubuhi za Septemba chuma huonekana kikavu na kumbe kina utando wa umande. Pitisha kiganja kabla ya kuchovya brashi.

Onyo mbili za rangi. Rangi ya mafuta ya kawaida usiipake moja kwa moja juu ya zinki. Itamenyuka kama ganda la muwa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nunua rangi ya kwanza iliyoandikwa kuwa inafaa kupakwa juu ya zinki. Na kama uzio ulikuja na nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, ipime rangi yake kama ina risasi kabla ya kukwangua au kupiga grainda. Vumbi lake lina sumu, na watoto wanaocheza kwenye nyasi zile ndio wanaodhurika kwanza.

Oktoba, zibua vitundu kwa waya, ondoa majani na udongo uliopanda kwenye reli, paka grisi bawaba. Kwenye kufuli tumia unga wa grafaiti. Mafuta huwa mazito kwenye baridi na kushika vumbi.

Baridi ikishaingia, kazi yako ni kutouumiza. Usirundike theluji juu yake, na elekeza mdomo wa mashine ya kurusha theluji upande mwingine. Usigonge barafu kwa nyundo: rangi ya baridi haina mnyumbuko, hupasuka. Kufuli ikiganda, tumia dawa ya spiriti. Maji ya moto yataganda tena ndani baada ya dakika chache. Na waambie watoto mapema wasiguse chuma kwa ulimi kwenye baridi kali. Akinasa, usimvute. Mwaga maji ya uvuguvugu hadi aachie.

Yakitokea matatizo

*Nguzo imepanda.* Usiipige nyundo kuirudisha, chini yake kumeshajaa udongo. Subiri ardhi iyeyuke kabisa, Mei. Ikirudi yenyewe na haijainama, iangalie mwaka mmoja zaidi. Isiporudi, fungua paneli, chimbua, na uifanye upya kwa kina kamili.

*Geti linagoma baridi tu.* Legeza nati za bawaba na ushushe au upandishe geti. Likigoma kila mwaka mahali tofauti, nguzo ya geti inacheza, rudi kwenye kina chake.

*Bomba limepasuka kwa chini.* Maji yaliganda ndani. Toboa kitundu kwanza, acha likauke siku kadhaa za joto, ndipo uchomelee ufa au ubadilishe reli. Ukiziba ufa bila kitundu, litapasuka pembeni mwa ufa wa zamani.

*Unga mweupe kwenye zinki.* Zinki imekaa na unyevu bila hewa, mara nyingi paneli zilipokuwa zimelazwa moja juu ya nyingine. Sugua kwa brashi ya nailoni, suuza, acha ikauke.

*Kutu pale nguzo inapotoka kwenye zege.* Chonga zege la juu inchi moja kuzunguka nguzo, safisha, gonga kwa nyundo ndogo. Ikilia kwa sauti kali, chuma bado kipo: paka zinki, rangi, rudisha mteremko, weka silikoni. Ikitoboka au kubonyea, nguzo hiyo ibadilishwe.

*Pambo la juu limevunjika kwenye uzio wa zamani.* Mapambo ya aina hiyo mara nyingi ni chuma cha kumimina, ambacho hupasuka ukikichomelea kama chuma cha kawaida. Mpelekee fundi anayekijua, na mwambie umri wa nyumba.

*Gari la theluji limegonga paneli.* Piga picha siku hiyo hiyo kabla theluji mpya haijafunika alama za matairi, na uripoti ofisi ya mji. Nguzo iliyogongwa iache mpaka Mei. Paneli unaweza kuifungua mara moja na kuilaza gereji, kisha unyooshe kamba yenye kitambaa chekundu kwenye pengo ili dereva wa safari ijayo aone mpaka ulipo.